Siku Niliyosoma Daftari la Wakesho

Nakumbuka Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, nyumbani kwangu Voi, niliposimama sebuleni mbele ya wageni saba, nikafungua daftari la binti yangu na kuanza kulisoma kwa sauti. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimevaa shati la kanisani, na nilijiona baba anayefanya wajibu wake. Mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, tangu siku ile nimezika ndugu, nimestaafu, nimepata wajukuu, na bado nikikumbuka sauti yangu ikisoma maneno yale, uso unapata moto. Acha nikusimulie nilifikaje pale, maana na wewe sasa una mtoto anayekaribia umri ule, na sipendi ujifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Wakati huo nilikuwa nyapara katika shamba la mkonge. Kazi yangu ilikuwa kuangalia watu. Asubuhi nawapanga wakataji kwenye mistari, halafu natembea nyuma yao mpaka jua linapokuwa kali. Baada ya miaka ishirini ya kazi hiyo nilikuwa najisifu kwamba namjua mvivu kabla hajaweka panga chini. Namjua anayejifanya mgongo unauma, na namjua ambaye mgongo unamuuma kweli. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Na jicho lile la shambani nilirudi nalo nyumbani kila jioni. Viatu nilivivua mlangoni, lakini jicho sikulivua.

Wakesho ndiye kifungua mimba wetu. Alikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili, katika shule ya bweni huko milimani. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kuimba. Anaosha vyombo anaimba, anafagia uwanja anaimba, mpaka mama yake anamwambia atupumzishe masikio kidogo. Likizo ya Aprili alirudi nyumbani kimya. Analala mchana kutwa. Anakaa na sahani mapajani mpaka ugali unakauka. Nywele hasuki, kuoga mpaka asukumwe, na akiulizwa anasema yuko sawa. Alirudi shuleni hivyo hivyo, na mwezi wa Julai tukaletewa barua kwamba ameketi kwenye mtihani wa hesabu saa mbili nzima, akarudisha karatasi tupu.

Mke wangu aliona mapema kuliko mimi. "Baba Wakesho, huyu mtoto hayuko sawa," aliniambia.

"Yuko sawa kabisa. Amegundua kwamba akilala hakuna wa kumtuma."

"Mimi namsikia akilia bafuni."

"Mpe kazi, atanyamaza."

Ndivyo nilivyojibu, na sikuinua hata kichwa. Likizo ya Agosti ilipofika nikaichukua shughuli mwenyewe. Nilikuwa naingia chumbani kwake asubuhi navuta blanketi. Siku moja nilimmwagia maji ya jagi. Aliketi kitandani, maji yanamtiririka shingoni, akaniambia, "Samahani, Baba." Sauti haikuwa na hasira. Mimi nikatoka nje nikamwambia mama yake kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Kuna jambo moja dogo ambalo ni lazima nikuambie, maana hili linaniuma kupita yote. Siku mbili kabla ya ile Jumamosi nilikuwa nje, nimechuchumaa, naziba pancha ya baiskeli. Wakesho akaja akasimama nyuma yangu. Alisimama muda mrefu. Halafu akasema, "Baba, nikikuambia kitu, hutakasirika?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Kama ni habari ya kutorudi shule, usianze."

Akasema, "Basi."

Neno moja tu, mwanangu. Akarudi ndani. Nikaendelea kusugua tairi langu kwa msasa. Mtoto alikuwa amekusanya nguvu zake zote akanijia, na mimi nilimfungia mlango kabla hajagonga.

Ile Jumamosi niliita watu waje wamkanye. Walikuja ndugu zangu wawili na wake zao, mzee mmoja wa kanisa na mkewe, na jirani yetu. Asubuhi, kabla hawajafika, nilipekua sanduku la Wakesho la shule. Nilitafuta simu, au barua ya mvulana, kitu cha kunipa sababu. Nilikuta daftari la hesabu. Mbele lilikuwa na hesabu chache. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo sana, kama mtu anayenong'ona.

Aliandika kwamba akiamka anahisi amebeba kitu kizito na hakuna wa kumtua. Aliandika kwamba wenzake wakicheka anaangalia midomo yao, ajue ni wakati gani na yeye acheke. Aliandika, "Nimechoka. Natamani nilale tu nisiamke." Na katika ukurasa mwingine, "Baba akifungua geti nasikia tumbo linakaza."

Sasa nisikilize vizuri. Ni mstari gani uliopaswa kunishtua? Ule wa kutoamka, sivyo? Lakini mimi nilishtushwa na ule ulionitaja mimi. Nilisoma kwamba mtoto wangu ananiogopa, nikakasirika kwamba amethubutu kuandika. Nikaliweka daftari chini ya kwapa, nikangoja wageni.

Walipokwisha kunywa chai, nikamwita Wakesho asimame katikati. Nikafungua kurasa zile, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kuiga, ile sauti ya kudekadeka ambayo yeye hakuwa nayo. Nilipofika kwenye "nimechoka" nikasimama, nikamuuliza, "Haya, waeleze wazazi wako umechoka na nini. Umelima shamba gani? Umekata mkonge mistari mingapi?"

Mdogo wangu akacheka. Jirani naye akacheka. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa akasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na televisheni. Mke wangu peke yake ndiye aliyesema, "Baba Wakesho, acha." Sikuacha. Nilisoma mpaka ule mstari wa kulala asiamke, na hapo kicheko kikakatika. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshachukua mwendo, nikamalizia kwa kusema, "Huo ni uvivu uliovaa nguo nyingine."

Wakesho hakulia. Alinisogelea, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili pamoja, kama tulivyomfundisha kupokea kitu kwa mtu mzima. "Naomba daftari langu, Baba," akasema.

Nikampa. Akatoka.

Tuliendelea kuongea, watu wakala, wakaaga. Ilikuwa kama saa tisa mchana mama yake alipoingia chumbani na kukuta kitanda kimetandikwa vizuri na mtoto hayupo. Alimwita nje, akamwita kwa majirani. Hakuna aliyemwona. Nami nilipomsikia mke wangu akiita jina lile mara ya tatu, unajua miguu yangu ilinipeleka wapi? Sikwenda stendi, wala kwa rafiki zake. Nilikimbia stoo, mahali tulipoweka dawa ya kuogeshea mbuzi, nikatazama kama chupa ipo.

Ilikuwepo, imejaa, kifuniko kimefungwa. Pale ndipo aibu iliponikamata, na haijaniachia hadi leo. Kwa maana kama kweli niliamini ni uvivu, nilikimbilia chupa kwa sababu gani? Nilikuwa nimeyaelewa maneno ya mtoto wangu. Niliyaelewa tangu asubuhi nilipoyasoma mara ya kwanza, na bado nikayatumia kuchekesha wageni.

Tulimtafuta mjini kote. Tulitafuta stendi, sokoni, kando ya reli, tukashuka hadi mtoni. Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu yangu ilipolia. Alikuwa dada yangu mkubwa, Wawuda, anayeishi Mwanda kwenye shamba la wazazi wetu.

"Mwakio," akasema, "mtoto yuko hapa. Amepanda gari mpaka Wundanyi, kutoka hapo ametembea. Amekula kidogo, amelala."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije leo."

"Dada, ni mtoto wangu."

"Ndiyo maana nakuambia usije leo. Mama yake akitaka nimpe mtoto simu akiamka waongee, sawa. Wewe njoo kesho."

Kesho yake tulifika Mwanda asubuhi, baridi bado ipo na ukungu umefunika matuta ya kabichi. Dada yangu alimruhusu mke wangu aingie ndani. Mimi alinizuia uwanjani. Hakunipa kiti. Alikuwa ameshika jembe, na nilidhani ataanza kunifokea, lakini aliongea polepole sana.

"Mama alipofariki," akaniuliza, "ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Ulilala nyuma ya jiko kwa muda gani?"

Nikamwambia nilikuwa na malaria.

"Malaria ya miezi miwili? Mwakio, malaria ndiyo Baba aliyowaambia majirani, ili wasikuseme. Ulikuwa huamki. Ulikuwa huli. Ulisema mbele yangu unataka kumfuata Mama. Baba aliacha kwenda shamba, akawa anakaa kando yako anaambua maharagwe kutwa nzima. Akimaliza yale anachukua mengine. Je, aliwahi kukuvua blanketi?"

Nikatikisa kichwa.

"Aliwahi kuita watu wakucheke?"

Mwanangu, nilikuwa nimesahau. Sisemi uongo. Hadithi ya malaria niliambiwa mara nyingi hata nikaiamini, nikaibeba hadi utu uzima. Lakini dada alipotaja maharagwe, nikayasikia. Nilisikia zile punje zikianguka kwenye sufuria, moja moja, na nikamwona baba yangu, mtu mkali ambaye kijiji kizima kilimwogopa, ameketi chini sakafuni hasemi lolote, yupo tu. Yeye hakuwa amesoma. Hakuwahi kusikia neno sonona, jina la ugonjwa huu wa huzuni. Alinifunika mbele ya watu, na mimi nimemvua mjukuu wake. Nililia pale uwanjani kwa dada yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, na Wawuda hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akasema, "Sasa unaweza kuingia. Usiende na hotuba."

Wakesho alikuwa jikoni na mama yake, wanakula kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, alichokipika shangazi yake jana yake. Hakuniangalia. Nikakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima na yote yalitoroka. Nikamwambia tu, "Nilikosa, Wakesho. Nilikosa sana." Nikaogopa kuuliza lililofuata, nikaliuliza. "Uliandika kwamba unatamani usiamke. Bado unatamani hivyo?"

Mama yake alishtuka. Labda aliona namrudishia jambo baya kichwani. Lakini mtoto alishusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akajibu, "Siku zingine. Leo kidogo."

"Kuna siku umepanga kufanya kitu?"

"Nilifikiria. Jana. Ndiyo maana nikaja kwa Shangazi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtoto wangu alijiokoa mwenyewe, kwa miguu yake, kutoka mikononi mwangu.

Jumatatu tulimpeleka hospitali, kwa muuguzi wa afya ya akili. Laiti ningeweza kukuambia kwamba kuanzia siku hiyo nilikuwa baba mpya. Sikuwa. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, na mimi nilijifunika kwa gazeti. Akapita mkataji mmoja wa kule shambani, akanitambua kwa viatu. "Nyapara! Umemleta nani huku?"

Nikamjibu, "Nimesindikiza mtoto wa jirani."

Alipokwenda, Wakesho akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, leo mimi ni wa jirani?"

Sikuwa na pa kuuweka uso. Siku moja tu baada ya kulia Mwanda, nilikuwa nimemkana mtoto wangu kwa sababu ya macho ya mtu ambaye hata jina lake la pili silijui.

Muuguzi alikaa naye peke yake kwanza, kisha akatuita. Alikuwa kijana, lakini aliongea kama mtu aliyezoea kusema na wazazi wagumu. Nilimuuliza ni nini kilichosababisha, nani amemfanyia nini. Akaniambia, "Mzee, mara nyingine kuna tukio, mara nyingine hakuna jambo moja la kunyooshea kidole. Huu ni ugonjwa, na unatibika. Kwa sasa asiachwe peke yake. Na dawa zote za mifugo, fungieni mbali au mziondoe." Akatupangia siku za kurudi, Wakesho awe anaongea naye, na daktari naye akamwandikia vidonge.

Nilikwenda na binti yangu kila mara. Safari ya tatu nilikutana tena na watu wa shambani, wawili, pale pale kwenye benchi. Wakaniuliza. Nikakunja gazeti nikasema, "Nimemleta binti yangu. Anaumwa, anatibiwa hapa." Hawakucheka. Mmoja wao alikaa kando yangu, akaniuliza polepole huduma hii ni siku gani, kwa sababu ana kijana nyumbani.

Halafu nilizunguka kwa wale saba. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kwa sababu nilimvua mtoto nguo mbele yao na haikutosha kumwomba radhi faraghani. Niliwaambia, "Siku ile nilikosa. Yale hayakuwa yangu kuyasoma, na mtoto hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa. Nawaomba mkikutana naye msimguse kwa maneno yale." Mzee wa kanisa alikubali na kuniombea. Mdogo wangu aliniambia nimetawaliwa na wanawake. Nikamwacha na maneno yake.

Kupona kwake hakukuwa kwa haraka. Tulimtoa bweni, akarudia kidato cha pili katika shule ya kutwa. Kuna wiki nilizokaa naye uwanjani bila neno, yeye anatazama chini na mimi natengeneza vitu ambavyo havikuharibika, ili nipate sababu ya kuwa pale. Ulipita karibu mwaka ndipo tukamsikia akiimba tena, mstari mmoja, akanyamaza. Mama yake aliniwekea kidole mdomoni nisije nikaharibu kwa kusifia. Kidato cha nne hali ilimrudia kwa mwezi mzima, lakini safari hiyo alikuja mwenyewe akatuambia, "Imerudi," tukaenda hospitali siku hiyo hiyo.

Leo ni mwanamke mzima. Anaishi Taveta, anafanya biashara ya ndizi, ana mume mwema na mtoto mmoja. Kuna mwaka nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiri kwanza, akasema, "Nimekusamehe, Baba. Lakini ile siku sijaisahau, na usiniombe niisahau." Nikamwambia sitamwomba. Ana haki yake, na mimi nina sehemu yangu ya kubeba.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Mtoto wako akibadilika, akinyamaza, akiacha alichokipenda, usikimbilie kupima amefanya kazi gani hata achoke. Muulize, halafu ufunge mdomo, hata kama kimya kitachukua siku tatu. Akija kusimama nyuma yako, geuka, hata kama mikono yako ina grisi na kazi inangoja. Akikuambia amechoka kuishi, mwamini. Muulize wazi wazi kama amefikiria kujidhuru, swali hilo halitamtia wazo, litamwonyesha kwamba kuna mtu wa kumsikia. Ondoa sumu na dawa nyumbani, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyo kama ambavyo ungempeleka akiwa na homa kali. Maombi yawepo, na dawa nazo ziwepo. Siri yake usiifanye mazungumzo ya wageni. Na ukikosea, kwa maana utakosea, mwombe radhi waziwazi, hasa mbele ya wale uliomwaibisha mbele yao, na usimdai akusamehe kwa haraka ili wewe upate usingizi.

Aibu yangu nimekupa bure, itumie. Mungu akupe moyo wa kuketi chini na watoto wako, akuondolee kiburi kabla hakijawafikia. Awafikishe salama utu uzima, wakiwa na sauti zao, na siku za uzee wako wakujie kwa hiari yao, si kwa hofu. Amina, mwanangu. Mimi nimekubariki.